Kupasha Joto Ndani ya Gari Upesi Asubuhi ya Baridi Kali: Mwongozo kwa Waliohamia Kanada

Kila mwaka, theluji ya kwanza inapoanguka hapa Winnipeg, ndugu zetu waliofika karibuni kutoka Mombasa, Mwanza, Goma na Bujumbura huniuliza maswali yale yale. Kwa nini hita ya gari inapuliza hewa baridi dakika kumi nzima? Niiache injini ikiunguruma kwa muda gani kabla ya kuondoka? Kwa nini vioo vinaingia ukungu mara tu watoto wanapopanda? Nimeona ni heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa utaratibu, kwa sababu baridi ya huku haina mzaha: usiku wa Januari kipimo hushuka mara nyingi hadi nyuzi 25 au 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na mtoto mchanga aliyefungwa kwenye kiti cha nyuma hana namna ya kujitetea.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja tu la nadharia, maana mengine yote yanatoka humo. Hita ya gari la petroli au dizeli haina moto wake yenyewe. Inaazima joto la injini. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, huzunguka ndani ya injini na hupita pia kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni husukuma hewa kupitia rejeta hiyo hadi kwako. Injini ikiwa baridi, kulanti ni baridi, na hewa itakayokufikia ni baridi hata ukizungusha kitufe hadi mwisho. Ukitaka joto upesi, kwanza isaidie injini ipate joto, kisha usiinyang'anye joto hilo kabla halijatosha.

Watengenezaji wa magari wanalijua tatizo hili vizuri, hasa kwa kuwa injini za siku hizi zinapoteza joto kidogo kuliko za zamani, na joto linalopotea ndilo lililokuwa likitupasha sisi. Ndiyo maana magari mengi mapya, hasa ya dizeli, yana hita ndogo ya umeme ya kauri iliyowekwa njiani mwa hewa, ambayo huanza kutoa uvuguvugu mara injini inapowaka na hujipunguza yenyewe inapozidi kupata moto. Baadhi ya injini zimejengewa njia za moshi ndani ya kichwa chake, ili joto la moshi liingie kwenye kulanti tangu dakika ya kwanza. Nyingine huzuia kulanti isizunguke kwa muda mfupi baada ya kuwashwa, na magari mengi hufunga vibamba nyuma ya grili ili upepo usiipoze injini bure. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoingia soko la Amerika Kaskazini kama modeli ya mwaka 2004, ilikuwa hata na chombo kama chupa ya chai kilichotunza kulanti ya moto hadi siku tatu, ili injini isianze ikiwa baridi kabisa. Modeli ya 2010 iliacha chombo hicho ikaanza kuchota joto kutoka kwenye moshi wa ekzosi. Vifaa hivi vyote vinafanya kazi vizuri zaidi dereva anapojua namna ya kwenda navyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kulanti sahihi. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wengi wetu tumetoka mahali ambapo rejeta ikipungua, mtu anaongeza maji ya bomba na safari inaendelea. Huku usithubutu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo inatosha kupasua rejeta au bloku ya injini yenyewe usiku mmoja tu. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyokenekwa (distilled) hustahimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukinunua gari lililotumika, mwombe fundi apime kulanti kwa kipimo chake kabla ya Novemba. Ni kazi ya dakika chache. Kitabu cha gari kitakuambia aina inayofaa, na usichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi peke yake.

Themostati iliyo kamili. Nyumbani, gari likichemsha mara kwa mara, mafundi wengi huing'oa themostati na kuitupa, na katika joto la pwani gari linaweza kwenda hivyo kwa miaka. Katika nchi ya baridi, gari lisilo na themostati halipati joto kamwe, kwa kuwa kulanti inakimbilia rejeta kubwa ya mbele kabla injini haijajipasha. Kazi ya themostati ni kuifunga njia hiyo ya kwenda rejeta kubwa hadi kulanti ifikie karibu nyuzi 90, kutegemea gari. Sijaona kitu kingine kidogo hivyo kinachoamua kama utasafiri kwa raha au utatetemeka hadi kazini.

Betri yenye afya. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya kawaida hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake za kuwashia, wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi. Betri yenye umri wa miaka minne au mitano ipelekwe ikapimwe mapema.

Hita ya bloku na waya wake. Magari mengi yanayouzwa katika majimbo ya nyanda za Kanada yana waya mfupi wenye plagi unaoning'inia mbele, karibu na grili. Wageni wengi huuona wakadhani gari liligeuzwa kuwa la umeme. Waya huo unakwenda kwenye kipande kidogo kinachopasha kulanti au bloku ya injini. Utahitaji ekstensheni ya matumizi ya nje, nene na yenye waya wa ethi, pamoja na taima ya kuwasha na kuzima umeme.

Mwisho, uwe na brashi ya theluji, kikwaruzo cha barafu, maji ya kuoshea kioo yaliyoandikwa kuwa hayagandi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na filta safi ya hewa inayoingia ndani ya gari.

Hatua kwa hatua

1. Anza usiku uliotangulia. Kabla ya kuzima gari, kung'uta theluji kwenye viatu na mazulia ya miguuni, kwa sababu theluji hiyo ndiyo itakayokuwa ukungu na sakitu upande wa ndani wa kioo asubuhi. Elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, weka joto juu na feni chini, na uhakikishe hewa inavutwa kutoka nje, haizungushwi ndani. Kama una rimoti ya kuwashia gari kwa mbali, basi litakapowaka litaanza kazi iliyo sahihi bila wewe kuwapo.

2. Chomeka hita ya bloku kipimo kinaposhuka chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna haja ya kuiacha usiku kucha; saa mbili hadi nne kabla ya kuondoka zinatosha, na taima itakufanyia kazi hiyo wewe ukiwa umelala. Hita za injini ndogo hutumia wati 400 hivi, za injini kubwa hufikia 1,000 na zaidi, kwa hiyo usiku mzima ni pesa zinazoungua bure. Ukichomeka, inama usogeze sikio karibu na grili: mara nyingi utasikia mchemko mdogo, kama birika linaloanza kuimba. Mchemko huo ni dalili njema. Kama husikii chochote asubuhi ya kwanza ya baridi kali, jaribu plagi nyingine kabla ya kulaumu hita. Kisha tafuta njia ya kujikumbusha kuchomoa; mimi hupitisha waya juu ya kioo cha pembeni cha dereva, ili nisiweze kufungua mlango bila kuushika.

3. Asubuhi, zunguka nyuma kwanza. Hakikisha bomba la ekzosi halijafunikwa na theluji. Moshi ukizuiwa hapo unaweza kuingia ndani ya gari, na humo mna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo imeua watu wengi katika nchi za baridi. Ondoa pia theluji iliyolala chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu kama wavu. Hita inavuta hewa kupitia hapo, na ikivuta theluji itakurushia unyevu kwenye vioo.

4. Washa injini, na feni iwe imezimwa au iwe katika kiwango cha chini kabisa. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine. Mtu anawasha gari, anafungua feni hadi mwisho, halafu anashangaa mbona anapulizwa upepo wa barafu. Feni kali inaipora kulanti joto lake dogo kabla halijakusanyika, na inaipoza injini unayotaka ipate moto. Gari lenye mfumo unaojirekebishia joto wenyewe liachie kazi hiyo: weka nyuzi 21 au 22, bonyeza kitufe cha AUTO, nalo litangojea kulanti kabla ya kuongeza feni. Kuandika 30 badala ya 22 kwa kawaida hakuharakishi chochote, kwa kuwa ndani pakiwa na baridi mfumo tayari unatoa joto lote ulilo nalo.

5. Washa mara moja vitu vya umeme vinavyokugusa: kiti, usukani, kioo cha nyuma na vioo vya pembeni. Kiti chenye hita hutumia umeme kidogo sana ukilinganisha na kupasha hewa yote, nacho huanza kuhisiwa mgongoni baada ya dakika moja au mbili, wakati hewa bado inatoka baridi. Kwa mtu anayekwenda kazini peke yake, hatua hii pekee hubadilisha asubuhi nzima.

6. Kwaruza vioo vyote huku injini ikiunguruma. Vyote, si tundu dogo mbele ya macho yako. Ukikwaruza vizuri na kufagia paa, utakuwa umeipa injini dakika mbili au tatu, nazo zinatosha katika siku nyingi. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri bila kuchomeka hita ya bloku, ipe dakika tano.

7. Ondoka polepole. Watu wengi hawaamini jambo hili hadi walijaribu wenyewe: injini inayounguruma gari likiwa limesimama haifanyi kazi kubwa, kwa hiyo inapata joto polepole sana, lakini injini inayovuta gari barabarani hupata joto mapema zaidi. Endesha taratibu, usikanyage mafuta kwa nguvu, na uepuke barabara kuu kwa dakika chache za kwanza kama unaweza. Dakika tano za mwendo wa upole kwa kawaida hukupa joto ambalo dakika kumi na tano za kusimama zingekupa.

8. Tazama geji ya joto la injini, au taa ndogo ya buluu inayoonyesha kuwa injini bado ni baridi. Sindano ikianza kuinuka au taa ikizimika, ongeza feni hatua kwa hatua. Hewa iende kwanza kwenye kioo cha mbele, na kikishakuwa safi, igawanye kati ya kioo na miguu. Joto hupanda, kwa hiyo hewa ya miguuni hupasha gari zima vizuri kuliko ile inayokupiga usoni.

9. Tumia kwa uangalifu kitufe chenye picha ya gari na mshale uliopinda ndani yake. Kitufe hicho huzungusha hewa ya ndani badala ya kuingiza hewa mpya ya nyuzi 25 chini ya sifuri, na kwa hiyo hupandisha joto upesi. Lakini pumzi za watu wanne zimejaa maji, na maji hayo yakikosa pa kutokea yatakaa kwenye vioo. Kitumie dakika chache, vioo vikiwa tayari vikavu na wewe ukiwa macho, halafu rudisha hewa ya nje. Ukungu ukianza pembeni mwa kioo, usisubiri uenee.

Kuhusu watoto, neno moja la ziada. Koti nene la baridi chini ya mikanda ya kiti cha mtoto hufanya mikanda ionekane imebana ilhali imelegea, kwa sababu katika ajali koti hunywea na mtoto anaweza kuchomoka. Mvue koti, mfunge akiwa na sweta, kisha mfunike blanketi au koti lake juu ya mikanda. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya nijali sana kwamba gari liwe na joto kabla mtoto hajaingia.

Makosa ya kuepuka kabisa

Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika mbili, hata mlango ukiwa wazi nusu. Litoe nje kwanza. Mabanda mengi huku yameungana na nyumba, na gesi hupenya hadi vyumba vya kulala.

Usimwage maji ya moto kwenye kioo chenye barafu. Kioo baridi kinachokutana na maji ya moto hupasuka, na hata kisipopasuka, maji hayo yataganda tena kabla hujafika kwenye kona ya barabara.

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Kulanti iko katika mgandamizo na itakurukia usoni. Kiwango chake kiangalie kwenye chupa ya pembeni, injini ikiwa baridi.

Usiache gari likiunguruma na ufunguo ndani yake huku wewe uko jikoni ukimalizia chai. Magari huibwa hivyo kila majira ya baridi. Rimoti ya kuwashia ni tofauti, kwa sababu milango hubaki imefungwa na gari haliondoki bila ufunguo wake.

Kama gari lako ni la umeme au haibridi

Gari la umeme lina faida moja kubwa: halingojei injini. Hita yake ya umeme huanza kutoa hewa ya moto ndani ya dakika moja au mbili. Gharama yake ni kwamba joto hilo linatoka kwenye betri ileile inayokupeleka safari, na katika baridi kali umbali unaoweza kwenda hupungua waziwazi. Magari mengi mapya yana pampu ya joto, mashine inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa: huchota joto kutoka nje, hata kukiwa na baridi, na kulileta ndani kwa umeme mdogo. Nissan Leaf ilikuwa nayo katika baadhi ya modeli za 2013, na Tesla iliianza kwenye Model Y mwaka 2020. Baridi ikizidi sana, pampu hiyo hupungukiwa nguvu na hita ya kawaida huingia kusaidia.

Kanuni ni moja: pasha gari likiwa bado limechomekwa. Weka saa ya kuondoka kwenye programu ya simu, nalo litapasha ndani, na katika magari mengi litapasha betri pia, kwa umeme wa nyumbani. Njiani, tegemea kiti na usukani zaidi kuliko hewa.

Gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, litakushangaza kwa kuwasha injini hata likiwa limesimama kwenye taa. Halijaharibika, linatafuta joto kwa ajili yako. Ukipunguza hewa na kutumia kiti chenye joto, injini itazimika mara nyingi zaidi.

Ikiwa bado hupati joto

Sindano haifiki katikati hata baada ya dakika ishirini za barabara kuu, au inashuka kila unapoongeza mwendo: themostati imekwama ikiwa wazi, au haipo kabisa. Ibadilishwe. Kipuri chenyewe kwa kawaida ni cha bei nafuu, ingawa katika baadhi ya magari kukifikia huchukua muda.

Sindano iko sawa lakini hewa ni baridi, au huwa ya moto ukiendesha na baridi ukisimama kwenye taa: kulanti imepungua au hewa imeingia kwenye mfumo. Mara nyingi utasikia sauti ya maji yakitiririka nyuma ya dashibodi. Usiongeze tu kulanti ukasahau, tafuta inakovujia.

Upande wa dereva una joto na wa abiria ni baridi, na kuna mlio wa tiki-tiki chini ya dashibodi: injini ndogo inayofungua na kufunga kilango cha hewa imeharibika.

Hewa ni ya moto lakini inatoka kwa unyonge: tazama filta ya hewa ya ndani, ambayo mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Nimewahi kumfungulia dada mmoja filta ambayo haikuwa imebadilishwa tangu anunue gari. Ilikuwa imejaa majani makavu na nyoya za mbegu za miti, nyeusi kama mkeka wa jikoni, na hewa ilirudi kwa nguvu dakika ileile tulipoitoa. Feni isipozunguka kabisa, anza na fyuzi. Ikizunguka katika kiwango cha juu peke yake, rezista yake ndiyo imeungua.

Mipira miwili ya kupitisha kulanti kwenye rejeta ndogo, mmoja ni wa moto na mwingine ni wa vuguvugu tu, injini ikiwa imeshapata joto kamili: rejeta hiyo imeziba, mara nyingi kwa kutu iliyoachwa na maji ya bomba. Fundi anaweza kuisafisha kwa kusukuma maji kinyume kabla ya kuamua kuibadilisha.

Harufu tamu kama ya sharubati ndani ya gari, utando wa mafuta unaorudi kwenye kioo kila unapoupangusa, na zulia la abiria lenye unyevu usioeleweka: rejeta ndogo inavuja kulanti. Usiendelee kulivumilia gari hilo. Mvuke huo haufai kuvutwa, kioo hakitakaa safi usiku, na kulanti ikishapungua vya kutosha injini itachemka hata katikati ya Januari. Zulia likilowa kulanti, lioshe na kulikausha kabla mtoto au mnyama hajaligusa, kwa sababu ladha yake ni tamu na ni sumu.